Radoni nyumbani: kipimo kikikataa, namba ikipanda, feni ikizima

Simu huanza Januari. Baridi imekaza, madirisha yamefungwa tangu Oktoba, na mtu ameshika karatasi ya maabara yenye namba asiyojua aifanye nini. Huku Minnesota ninakoishi, idara ya afya ya jimbo inakadiria kwamba nyumba 2 katika kila 5 zina radoni ya kiwango cha kuhitaji marekebisho, kwa hiyo simu haziishi. Maswali hujirudia. Nimeyapanga hapa kama yanavyonifikia, na chini ya kila moja naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Maneno machache ya msingi kwanza. Radoni ni gesi ya asili. Urani iliyotawanyika kidogo kidogo kwenye udongo na mawe huvunjika polepole mno mpaka kuwa radiamu, na radiamu ndiyo inayotoa radoni. Nje hupeperuka. Ndani ya nyumba iliyofungwa hukusanyika, hasa kwenye besimenti, hiki chumba cha chini ya ardhi ambacho nyumba nyingi za huku zinacho na ambamo wengi wetu tunawalaza wageni na vijana. Radoni nayo ikivunjika huacha chembe za poloniamu zinazonata kwenye vumbi, zikavutwa hadi mapafuni na kuzipiga seli kwa mionzi ya alfa. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, linakadiria vifo 21,000 kwa mwaka nchini Marekani vya saratani ya mapafu iliyoletwa na radoni. Sigara tu ndiyo inayoizidi.

Wengi wetu hatukukua na neno hili. Ukilelewa kwenye nyumba ya madirisha ya nyavu, upepo unaingia huku unatokea kule, na sakafu iko juu ya ardhi, gesi haipati mahali pa kutulia. Baridi ya huku ndiyo inayotufunga ndani nayo.

Sasa vizio, maana hapa ndipo watu wanapotishika bure. Marekani hupima kwa pikokyuri kwa lita. Canada na Ulaya hupima kwa bekereli kwa mita ya ujazo. Pikokyuri 1 ni bekereli 37. EPA inasema rekebisha ukifika pikokyuri 4, sawa na bekereli 148, na ufikirie kurekebisha ukiwa kati ya 2 na 4. Canada imeweka bekereli 200. Shirika la Afya Duniani linapendekeza bekereli 100, na nchi isiyoweza basi isivuke 300. Namba hizi ni za kuamua lini utoe pesa. Hakuna hata moja inayosema chini yake hakuna hatari.

"Tunaumwa vichwa, tumechoka, watoto wanakohoa. Ni radoni?"

Hapana. Radoni haina harufu wala rangi, haiumizi kichwa, haileti kikohozi cha wiki hii. Madhara yake huchukua miaka mingi kujitokeza, na mpaka hapo mwili hausemi kitu. Dalili pekee ya radoni ni namba kwenye kipimo.

Lakini swali lenyewe usilipuuze. Kama vichwa vinawauma wote mkiwa ndani na vinapoa mkitoka, hasa fanesi (mashine ya kupashia nyumba joto) au hita ya maji ikiwa inawaka, hofia kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto. Ni ile ile inayoua watu kwetu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Toeni kila mtu nje sasa hivi, mkiwa nje ndipo mpige 911. Usirudi kuchukua koti. Usianze kutafuta inatokea wapi.

Na tusichanganye vyombo. King'ora cha moshi hakijui radoni, cha kaboni monoksaidi pia hakijui, na kipimo cha radoni hakijui kaboni monoksaidi. Mzee mmoja alinionyesha king'ora chake ukutani, akakigonga kwa kidole: "Hiki hapa, mwanangu, miaka sita hakijalia." Nikamwambia, "Hakijalia, mzee wangu, kwa sababu hukukinunulia hilo." Alipopima akakuta pikokyuri 6.

Kama kaboni monoksaidi imeshaondolewa shaka na zahanati na kampuni ya gesi, tazama ukungu kwenye kuta za besimenti na hewa kavu ya fanesi. Hayo ni mada nyingine.

"Maabara imeandika kipimo changu ni batili"

Kipimo cha bei nafuu, na kile kinachogawiwa bure au kwa bei ya chini na ofisi za afya, mara nyingi ni kimkebe au kifuko chenye mkaa maalumu. Unakifungua, mkaa unanyonya radoni kwa siku kadhaa, unakifunga, unakiposti. Kinachoharibu, kwa mpangilio wa ninavyokuta:

1. Kuchelewa kuposti. Nusu ya radoni iliyo ndani ya mkaa hutoweka kila siku 3.8. Kipimo changu cha kwanza nilikifunga vizuri kabisa, nikakiweka kwenye kiti cha gari ili nipite posta kesho yake. Kilikaa siku tisa chini ya koti la mtoto. Maabara wakanijibu kwa mstari mmoja. Sasa huanza Ijumaa jioni ili nimalize Jumatatu au Jumanne, nikiposti siku ile ile.

2. Saa na tarehe hazikuandikwa. Maabara hupiga hesabu ya kurudi nyuma kutoka saa uliyokifunga. Bila saa hiyo hawana pa kuanzia. Andika, kisha piga picha kwa simu.

3. Muda kupungua au kuzidi. Soma karatasi ya kifaa chako chenyewe. Kuna cha siku 2, kuna cha siku 7, na chini ya saa 48 hakuna jibu la maana.

4. Unyevu. Mkaa hunyonya na maji pia. Ndiyo sababu hakiwekwi bafuni, jikoni, wala pembeni mwa mashine ya kufulia.

5. Kifaa kilichopitwa na tarehe yake. Kile cha tangu enzi za mpangaji aliyetangulia, kitupe.

Kuna pia jibu ambalo si batili lakini ni la uongo, na hili ni baya zaidi, kwa kuwa linakutuliza. Kipimo cha siku chache kinahitaji nyumba iwe imefungwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, na muda wote wa kupima. Kuingia na kutoka kwa mlango kama kawaida hakuna neno, fanesi iendelee, ila madirisha yafungwe na feni za kuvuta hewa ya nje ziache kuzunguka. Kiwekwe ngazi ya chini kabisa ambayo watu hukaa au kulala, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, sentimita 30 kutoka ukuta wa nje, mbali na dirisha, mbali na joto. Kisiwekwe uvunguni wala kabatini. Mama mmoja alikifungia ndani ya kabati la vyombo asije mjukuu akakichezea. Akapata namba nzuri sana ya hewa ya masufuria. Kama una mtoto mtundu, kining'inize kwa uzi kutoka darini.

Ukiwa unanunua nyumba, muombe mpimaji atumie kifaa kinachoandika namba ya kila saa. Muuzaji akifungua dirisha usiku, mstari utaporomoka na utauona.

"Kifaa changu cha dijitali kinapanda na kushuka, asubuhi 5, mchana 1.8"

Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee: hivyo ndivyo radoni ilivyo. Hewa ya moto ndani ya nyumba hupanda na kutokea juu, na nyumba nzima inageuka kuwa mrija unaonyonya hewa kutoka ardhini. Kadiri nje kunavyozidi kuwa na baridi ndivyo unavyonyonya kwa nguvu, hivyo usiku hupanda. Mgandamizo wa hewa ukishuka kabla ya dhoruba, hupanda. Ardhi ikiganda au ikilowa pande zote, gesi inakosa njia ya kutokea isipokuwa chini ya nyumba yako palipo pakavu. Mashine ya kukaushia nguo, feni ya jikoni na mahali pa kuwashia moto navyo hutoa hewa nje, na hewa hiyo lazima ifidiwe kutoka mahali fulani.

Kwa hiyo namba ya saa moja haina la kukuambia. Soma wastani wa mwezi, au angalau wa wiki.

Sababu ya pili ni kizio. Dada mmoja alinipigia saa nne usiku akilia kwamba kifaa kimeandika 96. Nikamuuliza chini ya namba kumeandikwaje. Kilikuwa kinasoma bekereli. 96 ni kama pikokyuri 2.6. Akaenda kulala, ingawa nilimwambia pia kwamba 2.6 si ya kupigia makofi.

Ya tatu, kifaa kinahamishwa. Leo sebuleni, kesho chumba cha watoto, keshokutwa mezani karibu na kikangio. Kiache mahali pamoja mwezi mzima ndipo ukihamishe.

Mwisho kabisa ni kitambuzi kibovu. Jaribu hivi: kiweke bega kwa bega na kipimo cha maabara kwa siku zile zile. Tofauti ndogo, kama 3.7 na 4.3, ni ya kawaida. Kimoja kikisema 2 na kingine 7, amini maabara, ila rudia.

Ukitaka jibu la kuaminika zaidi ya yote, tumia kipimo cha muda mrefu, siku 91 au zaidi. Canada wanashauri angalau miezi mitatu ndani ya msimu wa baridi, kati ya Oktoba na Aprili. Ndani ya kijungu chake kuna kipande cha plastiki kisichozidi ukucha. Kila chembe ya alfa ikikipiga huacha jeraha lisiloonekana. Maabara hukichovya kwenye dawa kali ya moto, majeraha yakatanuka kuwa vishimo, wakavihesabu kwa hadubini. Hakihitaji betri wala simu. Unakisahau juu ya rafu, hilo ndilo linalotakiwa.

"Imetoka 4 na zaidi. Nihame?"

Usihame, na usimwite fundi leo. Kama jibu la kwanza ni kati ya 4 na 8, rudia kwa kipimo cha muda mrefu au kingine cha siku chache. Kama limevuka 8, rudia mara moja kwa cha siku chache, mahali pale pale. Ukipima mara mbili kwa siku chache, chukua wastani. Wastani ukiwa 4 au zaidi, rekebisha.

Mtu wa kwanza kuishtua Marekani kwa jambo hili alikuwa Stanley Watras, mhandisi wa kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania. Desemba 1984 alikuwa akiwasha ving'ora vya mionzi akiwa anaingia kazini, na kinu chenyewe kilikuwa bado kinajengwa. Mionzi ilitoka kwake nyumbani. Walipopima wakakuta kama pikokyuri 2,700. Hata nyumba ile ilirekebishika. Kwa hiyo mwenye 9 ana sababu ya kuchukua hatua, ila hana sababu ya kuuza nyumba.

Inapoingilia, kuanzia panapotokea sana:

Maungio ya sakafu na ukuta, ule mstari mwembamba unaozunguka besimenti nzima. Kisha shimo la pampu ya maji ya ardhini, ambalo katika nyumba nyingi limefunikwa kwa kipande cha plastiki kilicholegea au halijafunikwa kabisa. Kisha matundu ya mabomba na ya kutolea maji sakafuni, nyufa za zege, matundu ya ndani ya matofali ya ukuta, na kama nyumba imekaa juu ya nafasi ya kutambaa, ule uwazi mfupi chini ya sakafu, yenye udongo mtupu, udongo huo wote. Maji ya kisima huja nyuma sana, na meza ya jikoni ya matale mara chache mno huwa na neno la kusema.

Kuzitafuta njia hizo natumia udi. Siku ya baridi kali, fanesi ikiwa inawaka, washa kijiti kimoja, kishike karibu na maungio na ukisogeze taratibu kama unayesoma mstari kwa kidole. Moshi ulionyooka ghafla utasukumwa ndani kuelekea kwako. Hapo hewa ya ardhini inaingia. Weka alama kwa chaki. Ukisikia harufu ya gesi ya kupikia, usiwashe kitu, toka nje, piga simu.

Wakati unamsubiri fundi: lala ghorofa ya juu ukiweza, funika shimo la pampu vizuri, na moshi wa sigara utoke ndani ya nyumba. Hili la sigara si nasaha ya pembeni. Kwa hesabu za EPA, watu 1,000 wakiishi maisha yao yote kwenye pikokyuri 4, kama 7 wasiowahi kuvuta watapata saratani ya mapafu kwa sababu hiyo. Kwa wavutaji ni kama 62.

Kufungua dirisha hushusha namba, kisha ukilifunga inarudi saa hizo hizo. Si dawa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mashine ya kusafisha hewa nayo haiondoi gesi.

"Jirani amepata 1, mimi 7. Kipimo kimekosea?"

Pengine hakijakosea. Udongo hubadilika ndani ya mita chache, na nyumba mbili za ramani moja hunyonya tofauti. Kipimo cha jirani ni cha jirani.

"Nimeziba nyufa zote, namba haijashuka"

Nilitaraji. EPA yenyewe haipendekezi kuziba peke yake. Gesi hupita kwenye ufa usiouona, na zege likitulia ardhini hufungua mpya. Kuziba kuna kazi yake: kunasaidia feni ivute vizuri. Basi ulichoziba usikibandue, ila usikitegemee peke yake.

Kuna mambo matatu ya kukusimamisha kabla ya kushika kuchimbua. Nyumba ya kabla ya miaka ya 1980 yenye vigae vidogo vya sakafu vya inchi 9: huenda vina asbesto, usivivunje wala kuvikwangua, mwite mtaalamu wa asbesto. Zege lenye nyaya za chuma zilizokazwa ndani yake: usilitoboe, waya ukikatika unaweza kumjeruhi mtu na kuharibu sakafu. Na shimo la pampu usilizibe moja kwa moja. Lifunikwe kwa kifuniko cha skrubu chenye mpira, pampu iweze kufikiwa siku itakapokufa.

"Kuna bomba la radoni nyumbani, lakini namba iko juu"

Hapa nitakaa kidogo. Mfumo wenyewe ni rahisi: tundu kwenye sakafu ya besimenti, bomba la plastiki la inchi 3 au 4 linalopanda mpaka juu ya paa, na feni inayovuta usiku na mchana. Inavuta hewa chini ya zege kabla haijaingia ndani. Ukifanywa vizuri unaweza kushusha radoni hata kwa asilimia 99.

Jambo la kwanza la kutazama: je, kuna feni? Minnesota inataka nyumba mpya zilizojengwa tangu Juni 2009 ziwe na bomba hilo, lakini bomba tu. Mwenye nyumba huliona limeandikwa radoni, akajua amelindwa. Panda darini uangalie. Kama bomba limepita moja kwa moja bila kichwa kinene katikati, hakuna feni, na tiba yako ni fundi kuiongeza. Ni kazi nafuu, njia ikiwa imeshajengwa.

Kama feni ipo, tafuta kioo chenye umbo la U kilichobandikwa kwenye bomba besimenti, na ndani yake mafuta ya rangi, aghlabu mekundu. Upande mmoja unatakiwa kuwa juu kuliko mwingine. Fundi huandika kwa kalamu mahali mafuta yalipokuwa siku aliyomaliza. Kioo hicho ni kama mshipa wa mkono, kinakusomea hivi:

Mafuta yamelingana pande zote: hakuna mvuto. Angalia swichi na kikata umeme kwanza. Mara nyingi kuna aliyezima akidhani ni taa ya darini. Kisha uone kama kijibomba chembamba cha mpira kimechomoka. Nilishakuta buibui amejenga ndani yake. Siku za barafu, tazama ncha ya bomba juu ya paa kutoka chini kama imegandiwa, usipande paani. Kama umeme upo na feni haizunguki, imekufa. Zimeundwa kukaa miaka mingi, lakini hazina umri wa milele.

Mafuta yana tofauti ndogo kuliko alama: kuna mahali panavuja. Kifuniko cha shimo la pampu kiliachwa wazi na fundi bomba, mara tisa katika kumi.

Mafuta yana tofauti kubwa kuliko alama: bomba limeziba upande wa chini. Kwa kawaida ni maji, ama yamejaa chini ya zege baada ya theluji kuyeyuka, ama yametuama mahali bomba lilipolala vibaya. Hapo ndipo husikika mlio wa kububujika.

Mafuta yako sawasawa na alama, na namba bado iko juu: sasa ni kazi ya mtaalamu. Huenda nyumba ina zege mbili, ya zamani na ya chumba kilichoongezwa, na feni inavuta chini ya moja tu. Huenda chini ni mfinyanzi mzito usiopitisha hewa na linahitajika tundu la pili. Huenda ncha ya bomba iko karibu na dirisha, na kinachotolewa kinarudi ndani. Mwambie fundi atoboe matundu madogo pembe za mbali na apime kama mvuto unafika huko. Asiyejua unachozungumzia, mshukuru, mwite mwingine.

Kazi hii usijifanyie mwenyewe hata kama una mkono mwepesi wa ufundi. Feni ikiwekwa besimenti, na bomba la juu yake likavuja, unaisukuma radoni ndani badala ya kuitoa. Jambo la hatari zaidi ni hili: feni yenye nguvu kupita kiasi inaweza kurudisha chini moshi wa hita ya maji au fanesi. Baada ya mfumo kuwekwa au kubadilishwa, ukiona moshi wa udi karibu na mdomo wa dohani ya hita unarudi chumbani badala ya kupanda, zima hita, toka nje, na mwite fundi wa gesi. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo kabla ya feni kuwashwa.

Fundi awe na leseni ya jimbo pale inapotakiwa, kama hapa Minnesota, au cheti cha NRPP au NRSB, vyombo vya Marekani vinavyothibitisha mafundi wa radoni. Canada ni C-NRPP. Baada ya kazi, pima tena: saa 24 zikishapita, na ndani ya siku 30. Kipimo hicho ununue wewe, usiachie aliyelipwa kurekebisha. Kisha kila miaka 2.

"Tuna kisima. Je, maji?"

Kama unatumia maji ya jiji yatokayo mtoni au ziwani, ruka sehemu hii. Kisima cha mwamba, kama vilivyo vingi Maine na New Hampshire, kinaweza kubeba radoni inayotoka ukioga na ukifua. Kanuni ya kukadiria: pikokyuri 10,000 ndani ya lita ya maji huongeza kama 1 kwenye hewa ya nyumba. Pima hewa kwanza. Ikiwa juu, ndipo uchukue chupa ya maji kwa maabara. Tiba ni kuyapuliza maji hewa kabla hayajaingia ndani, au kichujio cha mkaa. Kichujio cha mkaa chenyewe hukusanya mionzi, kwa hiyo kukibadilisha na kukitupa ni kazi ya mtaalamu.

"Nimepanga, na mwenye nyumba hataki kusikia"

Kupima ni kazi ya siku chache. Kurekebisha ni kutoboa nyumba ya mtu, na hilo huwezi bila yeye. EPA inashauri kupima makazi yote yaliyo chini ya ghorofa ya tatu. Ukiwa juu zaidi, hatari yako ni ndogo. Pima mara mbili. Peleka karatasi za maabara kwa maandishi, na nakala ubaki nayo, kisha piga simu ofisi ya radoni ya jimbo uulize sheria ya hapo ulipo inampa mpangaji nini. Simu ya maneno matupu kwa mwenye nyumba husahaulika jioni hiyo hiyo. Huku ukisubiri, chumba cha besimenti kigeuze kuwa stoo, na watoto wapande juu.

"Na mama yangu kule Kwale?"

Aliniuliza kijana wa Msambweni, na lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani. Kilima cha Mrima, Kwale, kinajulikana kwa mionzi yake ya asili, lakini kule mwenye kesi ni toriamu kuliko urani. Toriamu huzaa ndugu ya radoni aitwaye toroni, ambaye nusu yake hutoweka kwa sekunde 56 hivi. Hana muda wa kusafiri kutoka chini. Hutoka kwenye kuta na sakafu za udongo wenyewe na kubaki karibu nazo. Vifaa vingi vya dukani huku vimeundwa vimzuie asiingie, kwa hiyo ukimpelekea mama kimkebe chako cha mkaa kitakaa pale kikiandika namba ndogo.

Nilimwambia amshauri mama asogeze kitanda kisigusane na ukuta, aupige lipu ukuta wa udongo, na madirisha yabaki wazi kama yalivyo. Akitaka kupimiwa, wa kuulizwa ni mamlaka ya nyuklia ya Kenya; aliye Tanzania aulize Tume ya Nguvu za Atomiki. Na kijana mwenyewe, anayelala besimenti huko Saint Paul, bado hajaniletea namba yake.